Makumbusho ya Hewani na Sufuria ya Koplo Lihame

Naapa kwa jogoo wangu. Sina kitu kingine cha kuapia kilicho hai na kinachonijua. Ni jogoo mwekundu, kishungi chake kimelala upande kama kofia ya polisi wa zamani, na huwika saa anazotaka yeye. Kila neno nitakaloandika hapa ni kweli tupu, kweli iliyooshwa ikaanikwa, na atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo wa kuenea kwenye kucha, aje amchukue jogoo huyo mchana kweupe. Sitafunga mlango.

Basi palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, na si kwa woga. Mimi ni mstaafu wa Idara ya Maji, na mstaafu hana pa kuhamishiwa. Silitaji kwa sababu wakati mambo haya yanatokea jina la nchi lilikuwa limepelekwa Wizarani kufanyiwa ukarabati, na mpaka leo halijarudi. Wananchi waliitana "wenzetu" tu, na maisha yakaenda.

Katika uhai wake wote nchi hiyo ilipigana vita mara moja, na jirani yake, wakigombea daraja. Chini ya daraja hapakuwa na mto. Mto ulikuwa umehama zamani wakati wa mafuriko, ukaenda kupita kwingine bila kuomba kibali. Lakini daraja lilibaki, zuri, la chuma, na kila upande uliona kwamba ukimwachia mwenzake daraja leo, kesho atataka na mto. Vita vikaanza asubuhi na mapema. Adhuhuri vikasimama kwa ajili ya chakula, na kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa wali wa nazi, havikuendelea tena.

Kwa vita hivyo taifa lilipata mashujaa wengi kuliko askari waliopelekwa.

*

Miaka ikapita, Wizara ya Kumbukumbu na Usahaulifu ikaamua kwamba taifa lijengewe makumbusho ya vita. Msishangae jina, ni wizara moja, ina milango miwili. Kwa bahati mbaya jengo la makumbusho lililiwa likiwa bado mchoro. Wakubwa walianza na paa, wakateremka kwenye kuta, na zamu ya wadogo ilipofika palikuwa pamebaki ngazi.

Waziri, Mheshimiwa Luteni Jenerali Mstaafu Dokta Fumbwe Lukanda, hakutahayari. Alisimama Bungeni, akakohoa kikohozi cha kitaifa, akasema:

"Waheshimiwa wabunge! Kuta ni fikra za kikoloni! Nani kasema shujaa afungiwe chumbani kama mahindi ya mbegu? Sisi tutaujenga ushujaa wetu hewani, ambako mchwa hawafiki!"

Wabunge wakapiga meza mpaka moja ikavunjika mguu. Meza hiyo ikapigwa picha na kuwa kifaa cha kwanza cha makumbusho, katika ukumbi wa majeruhi.

Ndivyo yalivyozaliwa Makumbusho ya Hewani. Kila kata ikapewa miwani moja, nyeusi, nzito, kama ile ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ukiivaa huioni tena ofisi ya kata wala mtendaji wake, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwavuta watu wengi. Unaona kumbi ndefu, bunduki ukutani, mizinga, ngoma za vita, bendera zenye matundu, nawe unatembea humo huku umekaa kwenye kiti cha plastiki. Sauti ya mwanamke, laini, inakupokea: "Karibu, mzalendo. Tafadhali usiguse risasi zikiwa njiani." Bibi mmoja wa kata jirani aliona mzinga unamgeukia, akaruka, akavunja kabati la mtendaji. Alipewa cheti cha kujeruhiwa vitani, na mtendaji akapewa cha kabati.

Kutembelea kulikuwa kwa hiari. Asiyekuwa na hiari alifuatwa nyumbani.

Kilikosekana kitu kimoja tu, historia. Daraja lilikuwapo, bunduki zilikuwapo, lakini hakuna aliyeweza kueleza vita vilikwendaje. Waziri mwenyewe siku ile alikuwa luteni kijana pale pale darajani, ila kila alipoulizwa alisema ameshikwa na kigugumizi cha kumbukumbu. Ikatungwa kanuni: kauli yoyote juu ya vita itakayotamkwa hadharani, mbele ya umati, na asitokee hata mmoja wa kuipinga, hiyo ndiyo historia. Maafisa Ushujaa wakatawanywa wilayani na vinasa sauti vyao, kusaka kauli ambazo hazijapingwa. Walihangaika. Nchi ile ukisema "habari za asubuhi" hakosi mtu wa kukwambia si asubuhi hiyo.

Mpaka mmoja wao akafika msibani.

*

Marehemu alikuwa Koplo Lihame wa Lumbanga, mpishi mstaafu wa jeshi. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe, Bi Siwatu. Kwa kuwa Lihame alikuwa mtu wa bondeni, aliyekuja kusimamia utani wa msiba alikuwa mtu wa mlimani, tena rafiki yake wa kufa na kuzikana, Mzee Tindwa. Walikwenda jeshini pamoja, wakarudi pamoja, wakazeeka nyumba ya pili kwa ya pili.

Utani mnaujua. Bonde na mlima ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako akifa, wewe hulii; kazi yako ni kuwazuia wengine wasifuatane naye kwa kilio. Unavaa nguo zake, unaiga mwendo wake. Kama alikuwa mkarimu unamwita mchoyo, kama alikuwa mwaminifu unamwita mwizi wa kuku, na kadiri alivyokuwa mwema ndivyo unavyompaka matope. Mtu mbaya kwelikweli nani atathubutu kumtania? Na sharti ni moja: mtani msibani hapingwi. Kumpinga ni sawa na kumzomea shekhe juu ya mimbari.

Basi Tindwa akavaa koti la jeshi la Lihame, likampwaya. Akaichukua ile sufuria kubwa ambayo marehemu alirudi nayo kutoka vitani, akajitwika kichwani, akaingia katikati ya matanga akichechemea.

"Jamani! Huyu mnayemlilia mnamjua?"

"Hatumjui!" wakaitikia.

"Mimi namjua! Siku ya vita, risasi ya kwanza haijagusa chini, Lihame kashagusa mlango wa mama mkwe! Sufuria kichwani! Risasi zinamfuata, ngwa! ngwa! ngwa! kama kengele ya shule! Mama mkwe anauliza, 'Baba, mbona na sufuria?' Naye anamjibu, 'Nimekuja kukupikia, mama!' Kisha huyoo, uvunguni! Vita vimekwisha, watu wanamvuta miguu, yeye anauliza, 'Wali umeiva?'"

Watu walicheka mpaka waliokuwa jikoni wakaacha vyungu vikaungua. Bi Siwatu mwenyewe, ambaye tangu kifo kitokee hakuwa ametia kitu kinywani, alicheka kanga ikamdondoka begani. "Mtani, hebu mwachie mume wangu apumzike," akasema, kisha akaomba uji.

Hapo Tindwa akajua kazi yake imekwisha. Akaivua sufuria, akazunguka nyuma ya nyumba, akalia peke yake kama inavyompasa mtani.

Kando ya jamvi alikuwa amekaa Bwana Kisalu, Afisa Ushujaa wa Wilaya, mtu wa suti ya kijivu, amenyoosha kinasa sauti chake kama anaomba sadaka. Kauli ilikuwa ya hadharani. Umati ulikuwapo. Hakupinga hata mmoja.

Wanasema Waziri aliposikilizishwa kauli ile aliomba irudiwe. "Mna hakika," akauliza, "kwamba hakuna aliyepinga?" Akaambiwa hakuna. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia, akasema, "Historia ni mwalimu mkali." Kisha akaagiza Koplo Lihame atengenezwe kwa ustadi wote, lisisahauliwe hata jasho.

*

Habari ilifika Lumbanga ikiwa imevalishwa nguo nzuri. Mtendaji wa kata alituma mtu kusema: "Mama, mumeo yumo makumbushoni. Njoo umwone."

Hapa lazima niwaambie kitu. Bi Siwatu hakuwa na picha ya mumewe hata moja. Lihame hakupenda kupigwa picha. Alisema kila picha humpunguza mtu mwili kidogo, na yeye hakuwa na wa kupunguza. Kwa hiyo mama huyu alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni lake la sherehe, akaenda na mashoga zake kama bibi harusi. Tindwa alitangulia mbele amemshikia mwavuli, shingo imemrefuka kwa fahari.

Ofisini foleni ilikuwa imejaa. Ili wanaosubiri wasichoke, mtendaji alikuwa ameunganisha miwani na televisheni ya ukutani, hivyo alichokiona mmoja walikiona wote.

Bi Siwatu akavishwa miwani. Akapita kumbi, akapita meza iliyovunjika mguu. Akatokea darajani. Juu ya daraja alisimama luteni kijana, kifua mbele, upanga mkononi, anang'aa kama kijiko kipya.

"Huyu simjui," akasema Bi Siwatu. Kisha akashtuka. "Ni yeye! Yule! Angalieni mabega yake! Lihame!" Akanyoosha mkono hewani, akitafuta shavu.

Na Lihame akampita mbio, sufuria kichwani. Ngwa, ngwa, ngwa.

"Mbona anakimbia?"

Akageuza shingo kumfuata.

"Anakimbia kwenda wapi?"

"Endelea tu kutazama, mama," mtendaji akamtia moyo. "Mbele kuna sehemu ya uvungu, imetengenezwa vizuri sana."

Kwenye foleni mtu mmoja akaguna, wa pili akaziba mdomo, wa tatu akashindwa kuziba. Sauti laini ikasema: "Mzalendo, ukitaka mwoga huyu akimbie tena, tikisa kichwa."

Naye Bi Siwatu alikuwa anatikisa kichwa. Alikuwa anakataa. Hapana, hapana. Na kila alipokataa Koplo alirudi mwanzo, akakimbia tena, na ofisi nzima ikapasuka kicheko.

Mwisho akaivua miwani mwenyewe. Akaifuta kwa upindo wa kanga, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akamkabidhi mtendaji. Akamgeukia Tindwa.

"Mtani," akasema, "maneno yale tuliyacheka nyumbani kwangu. Nani kayatoa nje?"

 Tindwa aliufungua mwavuli humo humo ofisini, akaufunga, akaufungua tena. Watu wakacheka na hilo pia.

Kuanzia siku hiyo watoto wa Lumbanga walipata mchezo mpya: mmoja anavaa kikapu kichwani, wenzake wanamrushia kokoto. Kisimani wanawake walimpisha Bi Siwatu kwa heshima mpya, ile ya kumpisha mtu ili wamseme vizuri kwa nyuma. "Mke wa Sufuria huyo." Akaacha kwenda kisimani. Akaacha kwenda sokoni. Tindwa alipopita mlangoni pake na kubisha hodi, alijibiwa karibu, lakini mlango haukufunguliwa.

Tindwa akajiapiza: atamsimamisha Koplo Lihame asikimbie, hata kama itambidi amshike kwa mikono hewani.

*

Alianzia kwa Bwana Kisalu.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani."

"Najua, mzee. Mimi mwenyewe bibi yangu ni wa mlimani. Nilicheka mpaka nikaharibu mwanzo wa kinasa."

"Basi futa."

"Nifute nini? Mimi nina utani, Wizara haina. Kanuni inauliza kitu kimoja: nani alipinga?"

"Mtani hapingwi!"

"Ndiyo maana ikawa historia nzuri kuliko zote," akasema Kisalu. "Ila njia ipo. Toa kauli nyingine, ya hadharani, umati ule ule, wasikupinge. Mpya itaifuta ya zamani."

"Watu wale wale nitawapata wapi? Lihame afe tena?"

"Arobaini yake si bado?"

Tindwa akatoka pale anakimbia kwa furaha. Siku ya arobaini Lumbanga yote ilikuwapo, wa mlimani na wa bondeni, na Kisalu kando ya jamvi na kinasa chake. Dua ilipokwisha, Tindwa akasimama. Hakuvaa koti, hakubeba sufuria. Alivaa kanzu safi.

"Jamani," akasema, "leo nasema kweli."

Mtu wa kwanza akacheka. Si kosa lake. Mtani amesimama matangani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anasema leo anasema kweli!

"Lihame hakukimbia," Tindwa akaendelea. "Risasi zilipoanza, wakubwa walipanda lori la pekee tulilokuwa nalo, wakaondoka. Sisi wengine tukalala mtaroni. Lihame peke yake alibaki juu ya daraja, na jiko lake, na sufuria yake, anakoroga."

"Anakoroga!" wakaitikia, mbavu zinawauma.

"Nilimwita kutoka mtaroni, 'Lihame, shuka utakufa!' Akanijibu, 'Wali hauachwi nusu, utashika chini.' Ulipoiva akagonga mwiko kwenye sufuria, akawaita watu wote, wetu na wao. Wao wakaja! Bunduki wakaziegemeza kwenye chuma cha daraja, wakanawa mikono. Vita viliishia hapo. Ndiyo sababu nyinyi mmezaliwa!"

"Tumezaliwa kwa wali!" akapiga kelele mmoja, akaanguka kwenye jamvi.

"Ni kweli, jamani!" Sauti ikamkatika, machozi yakaanza kumtiririka ndevuni. Ndipo wakamshangilia kabisa. Wazee wa bondeni walisema katika maisha yao hawajaona mtani anayelia kwa ufundi kama ule. Bibi mmoja alikuja kumtunza kitambaa.

Asiyecheka alikuwa Bi Siwatu, mlangoni. Alimtazama Tindwa kwa muda, kisha akaingia ndani.

Kisalu akazima kinasa chake kwa huzuni. "Umejitahidi, mzee. Hakuna aliyepinga, hilo ni kweli. Lakini wamecheka. Kauli iliyochekwa ni burudani. Hiyo inakwenda Wizara ya Utamaduni."

"Na ile ya kwanza hawakucheka?"

Kisalu akafikiri. "Ile ya kwanza," akasema, "iliipendeza Wizara."

*

Tindwa akaenda makao makuu. Namna alivyompata Waziri ni hadithi ya viti: alikaa kwenye kiti cha nje, akahamishiwa cha ukumbini, akapanda cheo hadi cha sofa, na siku moja mlango ukafunguka kwa sababu Waziri alikuwa anatafuta mtu wa kumtazama akinywa chai.

Chumbani walikuwamo makatibu, makatibu wa makatibu, na mpiga picha.

"Tindwa!" Waziri akamkumbatia. "Askari wangu! Unataka nini, mzee mwenzangu? Sema, nchi inakusikiliza."

"Mheshimiwa, ni habari ya Lihame. Anakimbia."

"Inasikitisha sana."

"Mheshimiwa, hakukimbia. Wewe mwenyewe…" Akawaangalia makatibu. "Wewe mwenyewe unajua."

Waziri akakoroga chai. Haikuwa na sukari, lakini aliikoroga.

"Tindwa, wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Mtaroni, Mheshimiwa."

"Na kutoka mtaroni uliona nini?"

"Niliona magurudumu ya lori, Mheshimiwa."

Kijiko kikasimama. Makatibu wote wakapatwa ghafla na haja ya kuangalia dari. Kisha Waziri akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa na huruma ndani yake, hilo ndilo baya.

"Mtaro si mahali pazuri pa kuonwa na wajukuu," akasema polepole. "Mzee mzima, umelala kwenye tope. Mimi nakumbuka vingine. Sasa hivi kigugumizi kimeniachia. Nakumbuka," na hapa akainua sauti, chumba kizima kikamsikia, "kwamba Tindwa alisimama nami juu ya daraja! Bega kwa bega! Bunduki mkononi!"

Makatibu wakapiga makofi. Mpiga picha akapiga picha.

Na Tindwa, jamani? Angeweza kusema hapana. Ni neno fupi, hata mtoto anaanza nalo. Lakini chai ilikuwa imeshamiminwa, kikombe kilikuwa mkononi mwake, na mbele ya macho yake aliwaona wajukuu zake wamekaa kwenye kiti cha plastiki, wamevaa miwani, wanasema, "Babu yule!" Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alikunywa chai.

Kauli ilikuwa ya hadharani. Hakupinga hata mmoja.

Alipofika Lumbanga alikuta vijana wanamsubiri kituoni, wamemkatia matawi. Walimbeba juu juu mpaka ofisi ya kata. Kwenye televisheni ya ukutani, juu ya daraja, kando ya luteni anayeng'aa, alisimama Tindwa kijana, mrefu kuliko alivyowahi kuwa, amepiga saluti. Na chini ya saluti ile, mbele ya macho yake makavu, alipita Lihame mbio, sufuria kichwani.

Kwenye kiti cha plastiki alikuwa amekaa mtu amevaa miwani. Alipoivua, alikuwa Bi Siwatu.

"Umependeza, shemeji," akamwambia Tindwa. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Miaka yote alimwita mtani.

Akachukua kikapu chake akaondoka. Tindwa aliwaomba vijana wamshushe chini. Hawakumsikia, walikuwa wanaimba.

*

Basi, wapenzi wasomaji, mwisho wake ulikuwa mwema. Aibu ilienea nchini kama harufu ya samaki. Wananchi waliona aibu kwa kucheka, makatibu waliona aibu kwa kuangalia dari, na Waziri aliona aibu mpaka akajificha chini ya meza ile yenye mguu uliovunjika. Asubuhi moja mafundi wa makumbusho wakaamriwa, na Koplo Lihame, mbio zake zikiwa katikati, akageuka. Akashusha sufuria kichwani, akaiweka juu ya jiko, akachukua mwiko. Mpaka leo ukiivaa miwani utamwona amesimama, anakoroga, na ukitikisa kichwa anakukaribisha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimetia nukta.

Kwa kawaida yangu, kabla sijapeleka karatasi zangu kupigwa chapa huwasomea wenzangu pale kijiweni kwa muuza kahawa. Nikawasomea. Walisifu sana. Tindwa naye alikuwapo, amekaa pembeni. Mwisho ule ndiye aliyeniomba niuandike. Alikuja nyumbani akasema, "Wewe watu wanakuamini kwa sababu unaandika. Mgeuze, ndugu yangu. Mimi nimeshindwa, mgeuze wewe." Nami ni nani nimnyime rafiki sentensi chache?

Nilipokunja karatasi, sauti ikatoka nyuma ya meza ya muuza kahawa.

"Umemaliza?"

Alikuwa Bi Siwatu. Alikuwa amekuja kununua mkaa duka la pili, akasimama kusikiliza, na kikapu cha mkaa bado kipo kichwani.

"Nimemaliza, mama."

"Nipe jogoo."

Muuza kahawa akatua birika chini.

"Mama, hiyo ni hadithi tu, mwisho…"

"Umeapa. Nimekusikia tangu mwanzo." Akatua kikapu. "Nimetoka huko ofisi ya kata sasa hivi. Anakimbia. Jana alikuwa anakimbia, na leo anakimbia. Na huyu," bila kumtazama Tindwa, "bado anapiga saluti."

"Sasa mama, kama yanakuumiza," nikamwuliza, "unakwenda kufanya nini kila siku?"

Akaufuta mkono wake uliokuwa na vumbi la mkaa.

"Nitamwona wapi pengine?" akasema. "Yale mabega ni yake. Nimejifunza kutotikisa kichwa. Nikikaa kimya kabisa, kabla hajaanza kukimbia, kuna kitambo kidogo amesimama."

 Nikaongozana naye mpaka kwangu. Jogoo, ambaye siku zote nikimtaka hukimbilia juu ya paa, siku hiyo alisimama tu. Nilimfunga miguu mwenyewe.

Kesho yake adhuhuri Bi Siwatu alituita wote, wa kijiweni wote, na Tindwa. Nani angekataa? Tulikaa jamvini kwake tumeinamisha vichwa kama watoto waliovunja chungu. Jogoo alikuwa amepikwa pamoja na wali wa nazi, na sufuria ililetwa ilivyo, ikawekwa katikati. Niliizunguka kwa jicho nikitafuta kovu la risasi, maana ngwa ngwa zile zote nilizisikia kwa masikio yangu msibani. Ilikuwa laini pande zote. Chini tu ndiyo ilikuwa nyeusi.

Bi Siwatu akapakua. Firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, akaitafuta kwa mwiko mpaka akaipata, akaiweka kwenye sahani ya Tindwa.

Tindwa akaitazama. "Mama, hii si yangu."

"Najua," akasema Bi Siwatu. "Kula, mtani."

Jogoo yule alikuwa mzee, mgumu. Tulimaliza sahani zetu, tukanawa, tukashukuru, na Tindwa alikuwa bado anaitafuna.